Umwokora usiwe dawa ya kunywa, uwe dawa ya mfereji: barua ya wazi kwa wenye mamlaka ya afya, kilimo na mazingira, Kivu Kusini

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu kichaka kimoja chenye sumu kinachoota kwenye miinuko yetu, kando ya ua za mashamba na pembezoni mwa misitu, ambacho mpaka leo watu wanakitumia mahali pasipokifaa: tumboni mwa binadamu. Jina lake la kitaalamu ni Phytolacca dodecandra. Wasemaji wa Kinyarwanda wanakiita umwokora, Waethiopia wanakiita endod. Ombi letu lina pande mbili. Zuieni kisinyweshwe watu kama dawa ya minyoo au ya kutoa mimba. Na ruhusuni kipimwe, kwa masharti makali, kama dawa ya kuua konokono wanaoeneza kichocho cha tumbo, yaani bilharzia, kwenye mifereji ya Bonde la Ruzizi. Upande wa pili ukiruhusiwa bila wa kwanza kushughulikiwa, mtakuwa mmeongeza sumu vijijini.

Kukitambua si kazi ngumu. Ni mmea unaopanda. Ukipata mti wa kuegemea unaufunika mpaka juu, mita kumi na zaidi. Majani yake hayana meno, yanapishana kwenye tawi. Maua ni madogo, meupe yanayoelekea manjano, yamejipanga kwenye mkia mrefu. Tunda limegawanyika pande nne au tano mithili ya kiboga kidogo. Likiwa halijaiva ni kijani, likiiva linageuka rangi ya chungwa au nyekundu, na ndani mna mbegu nyeusi zinazong'aa. Ponda machache mabichi kwenye maji kidogo, povu litapanda hapo hapo. Mimea dume na mimea jike ni mbalimbali, na dume haizai tunda. Hali ya hewa inayoufaa ni ya milimani: Ethiopia, ambako umechunguzwa sana, unaota kati ya mita 1,500 na 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500, na vilima vya Kabare na Walungu viko juu zaidi.

Povu hilo linatokana na saponini, kemikali zinazotoboa ngozi nyembamba ya seli. Zinafanya hivyo kwa konokono, kwa mashavu ya samaki, kwa jicho la mtu, kwa utando wa tumbo na, zikifika kwenye damu, kwa chembe nyekundu. Hazichagui.

Ndiyo maana anayekunywa maji ya matunda, majani au mizizi yake anaanza kutapika na kuharisha, tumbo linamkata, na akipoteza maji mengi presha inashuka. Watu wanalichukulia harisho hilo kuwa ishara kwamba minyoo inatoka. Ni mwili unaotupa sumu nje. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu ya uzito wao mdogo, na wamama wajawazito wanaopewa ili mimba itoke. Kwao hakuna kipimo salama kilichowahi kuthibitishwa, na mti wa upande huu wa kilima hauna nguvu sawa na ule wa upande wa pili. Mganga aliyetumia kikombe kimoja mwaka jana bila msiba hajathibitisha kitu chochote kuhusu kikombe cha mwaka huu.

Hakuna dawa ya kuizima sumu hii. Kwenye kituo cha afya kazi ni kurudisha maji mwilini: SRO, yaani maji ya chumvi na sukari, kwa anayeweza kunywa, maji ya Ringer kwenye mshipa kwa aliyelegea, na kumtazama kwa siku nzima. Asitapishwe kwa nguvu, maana povu likiingia kwenye mapafu shida inakuwa mbili. Jicho lililoingiwa na unga lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 kamili. Na ndugu waulizwe kwa upole mgonjwa alikunywa nini. Swali likija kwa vitisho, hasa pale penye habari ya mimba, jibu litakuwa "ni malaria tu", na muuguzi atapoteza saa za kwanza akitibu kisichokuwepo.

Sasa upande wa faida. Mwaka 1964 mtafiti wa Ethiopia, Aklilu Lemma, akichunguza kichocho huko Adwa, kaskazini mwa nchi yake, aliona kwamba mtoni, pale wamama walipofulia nguo kwa matunda ya endod, konokono walikuwa wamekufa kwa wingi. Kati ya 1969 na 1974 matunda hayo yakatumika Adwa katika jaribio la kudhibiti konokono. Maambukizo katika wakazi yalishuka kutoka asilimia 63 hadi 33, na kwa watoto wadogo kutoka asilimia 50 hadi 7. Namba ya watoto ndiyo ya kuangalia: mtu mzima anaweza kubaki na minyoo ya kichocho aliyoipata zamani, kwa kuwa inaishi miaka mingi mwilini, lakini mtoto mdogo anaonyesha kama maji ya sasa bado yanaambukiza. Mwaka 1989 Lemma na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo.

Kuna watakaosema tuna praziquantel, dawa ya kumeza ya kichocho, inatosha. Praziquantel ni dawa nzuri, na hakuna hata mmoja wetu anayetaka iachwe. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, na mwongozo wa OMS (Shirika la Afya Duniani) wa 2022 unataka igawiwe kila mwaka, kuanzia watoto wa miaka 2 hadi watu wazima, popote maambukizo yanapofika asilimia 10. Lakini inaua minyoo iliyokomaa. Ile michanga ya wiki chache inapona. Na haimzuii mkulima wa mpunga kurudi mferejini kesho yake, miguu ndani ya maji saa sita mchana, wakati wa jua kali ambapo konokono wanatoa viluwiluwi vya kichocho kwa wingi. Mwongozo huo huo unakubali udhibiti wa konokono kama kazi ya nyongeza. Dawa ya viwandani inayotumika duniani kwa kazi hiyo ni niclosamide, na kwetu inabidi iagizwe kutoka nje. Umwokora bado haujafika kwenye daraja la niclosamide, na anayewaambia umefika anawadanganya. Tunachoomba ni jaribio.

Utengenezaji wake ndipo wengi wanapoharibu. Matunda yavunwe yakiwa yamefikia ukubwa wake wote lakini bado kijani. Yakishageuka mekundu nguvu imepungua, ingawa ndiyo yanayovutia macho na ndiyo mchumaji wa kulipwa kwa kilo atakayojaza kwenye kapu asipoelezwa. Yaanikwe siku ile ile, juu ya shitingi iliyoinuliwa kwenye kichanja, tabaka lisizidi unene wa kidole, yageuzwe mara kadhaa kwa siku. Milima yetu ina mvua miezi mingi, kwa hiyo kichanja kiwe na paa na pande wazi. Matunda yaliyorundikwa kwenye saki hata usiku mmoja yanapata joto, yanachacha, yanaota ukungu. Hayo yatupwe kwenye shimo, yasichanganywe na mazuri. Yaliyokauka sawasawa yanavunjika kwa vidole bila kujikunja, na yanaweza kutunzwa pakavu. Yasagwe karibu na siku ya kutumiwa, na yasisagwe kamwe kwenye mashine ya unga wa muhogo au mahindi. Ni kinu chake, chujio lake, ndoo zake, vyote vikiwa na alama. Anayesaga avae miwani iliyofunika pande zote, barakoa na glavu: vumbi la unga huu linachoma macho na kumfanya mtu apige chafya asipate nafasi ya kupumua.

Halafu maji. Maji yawe baridi. Ndani ya tunda zima saponini ziko katika umbo ambalo halimwui konokono. Tunda likipondwa na kuloweshwa, vimeng'enya vya tunda lenyewe vinakata kipande cha sukari kwenye saponini hizo, na hapo ndipo zinapopata nguvu. Ukimimina maji yanayochemka, vimeng'enya vinakufa kabla havijafanya kazi, na unabaki na maji yenye povu ambamo konokono anaogelea salama. Vivyo hivyo ukitumia alkoholi. Kwetu karibu kila dawa ya miti inachemshwa, kwa hiyo kosa hili litatokea. Liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila pipa. Kilo 1 ya unga kwa lita 10 za maji baridi, ikorogwe, iachwe usiku kucha, asubuhi ichujwe kwa kitambaa ili makapi yasizibe bomba.

Kabla ya kupeleka tone moja mferejini, kila fungu la unga lipimwe. Maabara ya konokono ya kituo cha utafiti cha Lwiro ina watu wanaoijua kazi hiyo. Chombo chenye lita 1 ya maji, konokono 10 wa jenasi Biomphalaria, wale wanaoeneza kichocho cha tumbo, wenye magamba ya milimita 8 hadi 12, vipimo vya miligramu 2.5, 5, 10, 20 na 40 za unga kwa lita, na chombo kimoja kisicho na dawa. Kama maji ni ya bomba, yaachwe wazi saa 24 kwanza ili klorini itoke, la sivyo mtahesabu vifo vya klorini. Konokono wakae kwenye dawa saa 24, na kundi la pili saa 6 tu kwa sababu mferejini ndivyo itakavyokuwa, kisha wahamishiwe maji safi kwa saa 24 nyingine ndipo wahesabiwe. Konokono aliyewekwa kwenye umwokora anajua kujifungia ndani ya gamba na kuonekana maiti. Mguse kwa sindano: asiposhtuka, au akivuja maji mekundu, huyo amekufa. Chombo kisicho na dawa kikipoteza zaidi ya konokono mmoja, jaribio lote lirudiwe.

Kwa mfereji wenyewe tunapendekeza kuanza na miligramu 20 za unga kwa lita, kwa saa 6, kisha kurekebisha kufuatana na majibu ya maabara. Chukulieni mfereji wenye upana wa mita 0.6 na kina cha mita 0.2. Tupa kipande cha kijiti, kipime muda wa kupita mita 10. Kikitumia sekunde 40, mwendo wa juu ni mita 0.25 kwa sekunde. Maji ya chini yanakwenda polepole zaidi, kwa hiyo zidisha kwa 0.8, unapata 0.2. Mara upana, mara kina: lita 24 kwa sekunde. Mara miligramu 20, mara sekunde 21,600 za saa 6: kilo 10.4 za unga. Hiyo ni lita 104 za maji ya kuloweka, yanaongezewa maji mpaka pipa la lita 200 lijae, na bomba linarekebishwa ili chupa ya nusu lita ijae kwa sekunde 54. Pipa likipungua, shinikizo linashuka na bomba linapunguza mwendo lenyewe. Mtu akae hapo na chupa yake, apime tena kila nusu saa. Tumeona mipango mizuri ya dawa za majini ikifa kwa sababu fundi alifungua bomba akaenda kula. Kwa dimbwi lisilotiririka hesabu ni nyepesi: mita 20 kwa 10 kwa nusu mita ni lita 100,000, sawa na kilo 2 za unga, zinanyunyizwa kwanza kwenye kingo, kwenye majani, ndipo katikati.

Siku mbili kabla, majani ya mferejini yafyekwe na kutolewa nje, maana konokono wanashika chini ya majani na maji yenye dawa yanapita pembeni. Siku yenyewe, vizimba vya waya vyenye konokono 20 kila kimoja vitegwe mita 100, 300 na 500 chini ya pipa. Kizimba ambamo wengi wamebaki hai ndipo pipa la pili litawekwa. Mayai ya konokono hayafi kwa dawa hii. Yanaanguliwa baada ya wiki moja hivi, na watoto wanaanza kutaga wakikaribia mwezi au zaidi. Duru ya pili ifanyike wiki ya tatu au ya nne, kabla hawajataga. Mradi utakaofanya duru moja, ukapiga picha na kuondoka, heri usianze.

Hatari kubwa ni samaki. Kipimo kinachoua konokono kinaua samaki pia. Kwa hiyo dawa hii isiguse Ziwa Kivu, mtu asije akahatarisha sambaza wetu kwa ajili ya konokono wa ufukweni. Isiguse mto Ruzizi, wala mfereji unaolisha mabwawa ya samaki, wala chemchemi ya kunywa. Ni mifereji midogo ya umwagiliaji tu, ile inayoishia mashambani na inayoweza kufungwa kwa mbao pande zote mbili. Saponini zake zinaoza kwa siku moja hadi mbili. Kwa saa 48 mifugo wasinyweshwe hapo, bidoni zisijazwe hapo, na mtangazaji apite kwa megafoni usiku wa kuamkia kazi na asubuhi yake.

Na kuna hatari ambayo wataalamu wanaiona aibu kuitaja. Unga unaoua samaki ni mtego wa samaki. Wanaovua kwa utupa wanajulikana kila kijiji kilicho karibu na maji. Wakipata unga wa umwokora uliosagwa tayari na kupimwa, watautumia. Unga ukae chini ya kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wa ofisi tofauti, kila gramu iandikwe kwenye daftari inapoingia na inapotoka, na usipewe mtu binafsi hata akiwa chifu.

Upandaji hauna mambo mengi. Mbegu zinaleta dume na jike bila kuchagua, kwa hiyo tumieni vipandikizi vya urefu wa sentimita 20 hadi 25 kutoka mimea jike iliyopimwa maabara, na dume chache hapa na pale kwa ajili ya uchavushaji. Waethiopia walichagua aina moja wakaiita E-44 kwa sababu ya nguvu yake na mavuno yake. Na sisi tuchague yetu, badala ya kuamini kila kichaka. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu na kile cha Lwiro viko kwenye mwinuko unaofaa. Wakulima wa juu wanaweza kulima, wa bonde wakatumia, na fedha ikabaki jimboni. Mtu asikate vipandikizi ndani ya Kahuzi-Biega. Nje ya mbuga ipo ya kutosha. Mashamba ya majaribio yawe na uzio, maana mbuzi na ng'ombe wakila majani yake wanaumwa.

Jambo la haki lisiachwe liwe la mwisho kujadiliwa. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, kilipata hataza, yaani haki miliki ya ugunduzi, ya kutumia endod kuua kome wanaoziba mabomba ya maji kwenye Maziwa Makuu ya huko. Wamama wa Ethiopia waliofulia kwa matunda hayo vizazi na vizazi hawakuwamo kwenye hataza hiyo. Itifaki ya Nagoya ya 2010, ambayo nchi yetu imejiunga nayo, inataka idhini na mgawo wa faida vikubaliwe kabla sampuli haijachukuliwa. Mtafiti yeyote atakayeomba matunda au vipandikizi, awe wa hapa au wa nje, atie sahihi kwanza.

Kwa hiyo tunaomba mfanye haya. Divisheni ya Afya itoe tangazo kwa Kiswahili, Mashi, Kifuliiru na Kinyarwanda, redioni na makanisani, kwamba umwokora haunywewi, na iwaite waganga wa dawa za asili mezani kabla ya tangazo, maana wakilisikia redioni mara ya kwanza watalichukua kama vita. Kila kituo cha afya cha milimani kipewe ukurasa mmoja wa matibabu kama tulivyoeleza hapo juu. Wa kilimo na wa mazingira watie sahihi pamoja kibali cha jaribio moja: mifereji mitatu itakayotiwa dawa na mitatu isiyotiwa, konokono wahesabiwe miezi mitatu kabla na mwaka mzima baada, vinyesi vya watoto wa shule vipimwe mwanzoni na mwishoni, na praziquantel igawiwe sawasawa pande zote mbili ili asiwepo mtoto anayenyimwa tiba kwa sababu ya utafiti. Samaki waliokufa wahesabiwe pia na waandikwe kwenye ripoti, hata kama hesabu hiyo itafunga mradi.

Kipindi kizuri ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, wakati maji ya mifereji ni machache na unga unaohitajika ni kidogo. Matunda ya kijani yanapaswa kuvunwa, kukaushwa na kupimwa Lwiro kabla ya hapo, kwa hiyo kibali kikitoka Juni kitakuwa kimechelewa mwaka mzima. Tunaomba jibu la maandishi. Kama ni hapana, sababu itajwe, ili tuweze kuirekebisha au kuikubali.

Kwa heshima,

Wanafamasia, wauguzi na wataalamu wa kilimo, Bukavu